Ng'ombe Anayekamwa Kwanza

Chupa ilikuwa safi mno.

Sajini Justa aliishika kwa kitambaa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha la ofisi ya kijiji, akaigeuza taratibu. Ilikuwa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, karatasi yake imebanduliwa. Ndani yake zebaki ilijiviringa, nzito kuliko ukubwa wake, kama ile ambayo wachimbaji wadogo hununua ili kunasia dhahabu. Hapakuwa na samadi kwenye chupa, wala vumbi. Uchafu pekee aliouona ulikuwa tone la rangi nyekundu lililokauka ukingoni mwa kifuniko.

"Uliipata wapi, kamanda?"

Boaz, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji cha Mwabulunda, alikuwa amesimama mlangoni, filimbi shingoni, fimbo mkononi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti iliyozoea kutiiwa.

"Chini ya hori, kwenye banda la Baba William. Ilikuwa imefukiwa kwenye samadi. Yule mchawi Philomena aliiweka Alhamisi, Jumapili ng'ombe akafa. Kuna la kuuliza tena, afande?"

"Lipo. Uliipata lini?"

"Jana Jumanne, saa mbili asubuhi. Mashahidi ninao."

"Nani aliingia bandani akatoka nayo?"

"Mimi mwenyewe nilitoka nayo mkononi. Watu wote wameiona." Alitazama saa yake. "Mkutano ni saa kumi. Kijiji kimeshasema, bado mikono tu kunyooshwa. Jua likizama yule mama awe ameondoka."

Justa aliifunga chupa ndani ya kitambaa. Alikuwa na miaka sita katika kikosi cha kuzuia wizi wa mifugo, na alijua mwanamke mzee anayefukuzwa kijijini kwa jina la uchawi hafiki mbali. Mwezi uliopita, vijiji viwili kutoka hapo, mmoja alikuwa amefukuzwa hivyohivyo. Justa ndiye aliyeandika maelezo ya mwili wake.

Ilikuwa saa sita na nusu.

*

Nyumba ya Philomena ilikuwa mwisho wa kijiji, mahali ambapo shamba linapanda kwenye mwamba mweupe. Vijana wawili wa sungusungu walikuwa wamekaa nje wakilinda. Justa aliruka kamba iliyofungwa kwenye kigingi, hatua chache mbele akaruka nyingine. Vigingi vilizunguka mwamba wote, na vichwa vyake vilipakwa rangi nyekundu.

Mwanamke mwenye miaka zaidi ya sitini alikuwa anaanua michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, anaitia kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunichukua au kunizika?"

"Nimekuja kuuliza."

"Basi kaa. Wewe ni wa kwanza kuuliza. Wenzako wote wamekuja na majibu."

Justa alikaa kwenye jiwe, akafungua daftari.

"Alhamisi ulikwenda kwa Baba William. Ulifuata nini?"

"Kumpongeza Mama William. Tausi wake alikuwa amezaa Jumatano, ndama jike. Nikabeba mboga, mtu haendi mikono mitupu."

"Ulimgusa ng'ombe?"

Philomena aliacha kuokota michembe. "Nilimgusa kiwele. Nikasema, hongera, kimejaa. Ndilo kosa langu hilo. Wanasema nilikisifia ili kioze."

"Kilikuwa cha moto au cha baridi?"

"Ee?"

"Kiwele. Mkono wako ulisikia nini?"

Mama yule alifikiri, kiganja chake kikafunguka kana kwamba kinagusa tena. "Upande mmoja ulikuwa baridi. Nyuma, kushoto. Nikashangaa. Ng'ombe aliyezaa jana kiwele chake hakiwi baridi."

Justa aliandika neno hilo, akalipigia mstari.

"Kabla ya hapo ulikuwa wapi?"

"Ngokolo, Shinyanga mjini, kwa binti yangu Apolonia. Alijifungua. Nimekaa wiki tano, nimerudi Jumanne ya wiki iliyopita."

"Na hivi vigingi?"

"Nimevikuta. Boaz anasema ni watu wa barabara." Alicheka kidogo bila furaha. "Nikamwuliza, barabara gani hiyo inayopanda mwamba ikaishia hapohapo juu?"

*

Gregory, afisa mifugo wa kata, alikuwa anamsubiri kwenye banda la Telesphori, mtu ambaye kila mmoja pale alimwita Baba William. Gregory alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na buti za mpira zilizozidi miguu yake. Mkononi alikuwa na karatasi kutoka maabara ya mifugo, Shinyanga.

"Afande, majibu ya Tausi yametoka, na yananichanganya," alisema. "Bakteria wamejaa kwenye kiwele, wale wanaopita mkononi mwa mkamaji. Lakini chembe nyeupe za damu ni chache mno."

"Nieleze kama mtu wa kawaida, usitazame nyota zangu."

"Hizo si nyota, afande, ni vee tatu."

"Gregory."

"Haya. Mdudu akiingia kwenye chuchu, mwili unapiga yowe. Chembe nyeupe zinatoka kwenye damu, zinakimbilia kwenye kiwele, zinawala wadudu. Ndiyo maana kiwele kinavimba, kinakuwa cha moto, maziwa yanaganda mabonge. Ule uvimbe si ugonjwa wenyewe, ni vita. Sasa ng'ombe aliyezaa karibuni mwili wake umechoka. Yowe linapigwa, askari wanachelewa. Wadudu wanamwaga sumu yao, nyama inakufa, kiwele kinageuka rangi ya bluu na kuwa..."

"Baridi."

Gregory alimtazama. "Nani kakwambia?"

"Mtu aliyekigusa. Zebaki je, ingefanya hivyo?"

"Zebaki ya kulishwa ingepita tumboni, ingeshika mwili mzima. Haichagui chuchu moja ikaacha tatu. Na haileti wadudu hai."

Kwa hiyo chupa haikuua ng'ombe. Lakini Justa alijua hilo halikutosha. Boaz angesimama saa kumi na kusema uchawi hauhitaji zebaki, na watu wangenyoosha mikono.

Telesphori alitoka ndani, kofia mkononi, wakaamkiana. Alikuwa mzee aliyepauka kwa siku nne za mashaka. "Afande, mimi sijamtaja mtu," alisema. "Nimesema tu ng'ombe wangu amekufa na wawili wanaumwa. Majina wameleta wao."

Justa aliingia bandani. Sakafu yote ilikuwa nyeupe.

"Chokaa?"

"Nilimwaga mimi," alisema Gregory. "Jumatatu asubuhi, baada ya Tausi kufa. Tuliondoa samadi yote, tukamwagia chokaa ya maji mpaka chini ya hori."

Justa alimwita Boaz, ambaye alikuwa amewafuata na kusimama nje. "Kamanda, nionyeshe mahali penyewe ulipoikuta chupa. Usikisie."

Boaz aliingia kwa hatua za mtu mwenye uhakika, akagusa kwa fimbo. "Hapa."

"Hapa hasa?"

"Hapa. Naweza kuapa."

"Hakuna haja." Justa aliinama. Chokaa ilikuwa imekauka kuwa gamba moja lisilo na ufa wala alama. Alilipiga picha mara tatu, kwa futi ya kupimia kando yake na bila futi. Boaz alitoka akipuliza filimbi ya kuwaita watu wake.

Ndipo Justa alipozitazama kamba za kufungia ng'ombe. Zilikuwa nne.

"Gregory, leta daftari lako la vipimo."

Kijitabu kilikuwa kimelowa pembeni. Wiki tatu nyuma, Gregory alikuwa amepima maziwa ya banda hili. Shilingi: chembe zimepanda. Bulaya: zimepanda kidogo. Tausi: hakamwi, ana mimba. Mistari ilikuwa mitatu.

"Wiki tatu zilizopita vita ilikuwa imeshaanza kwa Shilingi na Bulaya," alisema Justa polepole. "Mama Philomena yuko Ngokolo. Lakini ng'ombe hapa walikuwa wanne."

Gregory alijikuna shingo. "Wa nne ni Mayu. Yule pale, mwekundu. Huyo hajawahi kuumwa hata siku moja. Na hapimwi."

"Kwa nini hapimwi?"

"Muulize mwenyewe."

Mama William alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mikono imekunjwa kwenye khanga. "Mayu hashikwi na wageni," alisema.

"Shikamoo, mama. Sitamshika. Naomba tu unionyeshe unavyokama. Kila kitu, kama asubuhi ya leo."

"Saa hizi? Saa nane?"

"Onyesha tu, hata bila maziwa."

Mama William alisita, akachukua kigoda, ndoo, na kitambaa kilichokuwa kinaning'inia kwenye msumari. Alikwenda moja kwa moja kwa ng'ombe mwekundu. Kabla ya kukaa, aliweka kiganja kwenye ubavu wake, akamwamkia kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, "Mwangaluka, Mayu." Akafuta chuchu kwa kitambaa, akasogeza vidole. Kisha akainuka na kitambaa kilekile, akaenda kwa Shilingi. Akafuta. Akaenda kwa Bulaya. Akafuta. Mwisho akasimama mbele ya kamba tupu.

"Na hapa Tausi, tangu azae," alisema.

"Kila siku unaanza na Mayu?"

"Kila siku."

"Kwa nini?"

Telesphori alikohoa, akajibu badala ya mkewe. "Ni ng'ombe wa mahari ya binti yetu, Suzana. Mume alikuwa fundi kule mgodini Bulyanhulu, akaleta mtamba wa kisasa, si wa kienyeji. Suzana alikuwa na jina la mama yangu, ndiyo maana ng'ombe tukamwita Mayu, yaani mama. Sasa Suzana hayupo tena, ni mwaka wa tatu. Ng'ombe wake yupo."

"Siwezi kuanza siku bila kumwamkia," alisema Mama William.

Justa alifunga daftari. Nje filimbi zililia, moja upande huu, nyingine kule mbali. Saa nane na dakika arobaini.

"Mama, nahitaji maziwa ya Mayu kidogo. Kikombe kimoja."

"Mayu hajaumwa!"

"Ndiyo maana nayahitaji."

"Mnataka kumwua na yeye." Mama William aliukumbatia ubavu wa ng'ombe. "Chukueni ya Shilingi, chukueni ya Bulaya. Huyu mwacheni."

"Naweza kuandika amri," Justa alisema, "lakini sitaki. Nitakuuliza jambo moja tu. Mama Philomena alipokuwa Ngokolo wiki tano, kuku wake nani alilisha?"

Mama William aliuachia ubavu wa ng'ombe.

"Mimi," alisema Mama William.

"Kila siku?"

"Kila siku. Asubuhi na jioni."

"Kwa hiyo wewe unajua kuliko kijiji kizima kwamba hakuwepo Shilingi alipoanza kuumwa."

Mama William hakunyanyua uso. Justa alingoja, kisha akatoka. Nyuma yake hakusikia hatua.

*

Saa kumi kamili uwanja wa ofisi ya kijiji ulikuwa umejaa. Wanaume wa sungusungu walisimama mstari na fimbo zao. Philomena alikalishwa peke yake chini, katikati, ungo wake mapajani. Hakuna aliyemwambia auache nyumbani na hakuna aliyethubutu kuugusa.

Boaz alizungumza kwa muda mfupi, na alizungumza vizuri. Ng'ombe amekufa. Wawili wanaumwa. Mtu amesifia kiwele, kiwele kimeoza. Chupa imepatikana. "Tunasubiri nini? Wenye kukubali, mikono..."

"Mwenyekiti," alisema Justa. "Upelelezi wa polisi haujafungwa. Naomba dakika kumi."

Mwenyekiti wa kijiji, mzee aliyeonekana kutamani angekuwa kwingine, alitazama umati, akatazama nyota ambazo hazikuwepo begani kwa Justa, akasema, "Kumi. Si kumi na moja."

Gregory alipanga mezani bakuli tatu na pakiti ya sabuni ya unga. Vicheko vikaanza.

"Bwana mifugo, umekuja kufua?" alipiga kelele mama mmoja.

"Nafua, mama. Leta na zako."

Bakuli la kwanza lilikuwa la maziwa ya Shilingi. La pili lilikuwa tupu, na la tatu pia. Justa alitazama njia ya kutoka kwa Telesphori. Ilikuwa tupu vilevile. Hakuwa amepima maziwa ya Mayu. Alichokuwa nacho ni kamba ya nne na daftari lenye mistari mitatu.

"Kamanda Boaz, una ng'ombe anayekamwa?"

"Ninaye. Mzima kabisa, na hasifiwi na mchawi."

"Tuma mtu alete maziwa yake."

Yaliletwa, bado ya moto. Gregory aliyatia maji ya sabuni, akazungusha bakuli. Maziwa yaliendelea kuwa maziwa, yakicheza kama maji.

"Ng'ombe wa kamanda mzima," alisema. "Hongera, kamanda. Nimekisifia kiwele, unishike na mimi?"

Watu walicheka, hata wa kwenye mstari. Boaz hakucheka. "Dakika tano zimekwisha," alisema.

Gregory alitia sabuni kwenye maziwa ya Shilingi, akazungusha. Yakawa mazito kama uji. Minong'ono ikapita.

"Huyo tunajua anaumwa!" alisema Boaz. "Inathibitisha nini? Mwenyekiti, dakika."

Bakuli la tatu lilikuwa bado tupu. Mwenyekiti alisafisha koo. Justa alifungua mdomo bila kujua atasema nini.

"Nipisheni."

Sauti ilitoka nyuma. Watu walisogea, na Mama William akapita katikati yao, amebeba kikombe cha bati kwa mikono miwili kama mtu anayebeba moto. Hakumtazama Justa. Alimimina mwenyewe kwenye bakuli la tatu.

"Ya Mayu," alisema.

Maziwa yalikuwa meupe, mazuri, bila bonge hata moja. Gregory alimimina sabuni na kuzungusha. Mara moja, mara mbili. Mara ya tatu maziwa hayakuzunguka tena. Yalijikusanya katikati yakavutika. Gregory alipoyainua kwa kijiti, yakaning'inia kama mlenda.

Hakuna aliyecheka.

"Mnaona," alisema Gregory, na safari hii hakuwa na mzaha. "Sabuni inapasua chembe nyeupe, zinavutika hivi. Chembe hizi ndizo sungusungu wa mwili. Kwa Mayu wamepiga kambi miaka. Wadudu hawajashindwa, askari hawajaondoka, wamezoeana. Kwa nje mzima, kwa ndani ndiye chanzo. Anakamwa wa kwanza, kitambaa kinawapelekea wenzake. Shilingi na Bulaya wakapigana, wakavimba. Tausi alizaa, sungusungu wake wakachelewa, akafa." Aliwatazama wanaume wenye fimbo. "Na jambo la mwisho. Kinachoharibu kiwele si wadudu peke yao. Askari wakikurupuka wengi, bila kujua wanamfuata nani, nyumba wanayoilinda ndiyo wanayoibomoa."

Mama William alikaa chini, palepale penye vumbi. "Nimemwua Tausi kwa kumwamkia mwanangu."

Philomena aliweka ungo wake pembeni. Alijivuta polepole mpaka alipokuwa karibu naye, akamshika bega. "Kitambaa, Mama William. Ni kitambaa tu."

"Na chupa?" Boaz alipaza sauti. "Chupa ni kitambaa pia?"

"Nilikuwa nakuja huko," alisema Justa. Alitoa simu, akampa mwenyekiti aangalie picha. "Jumatatu banda lilisafishwa samadi yote, likamwagiwa chokaa. Jumanne kamanda akaikuta chupa imefukiwa kwenye samadi. Samadi ipi? Kama ingekuwepo tangu Alhamisi, ingeondolewa Jumatatu, au ingekuwa nyeupe, na chini yake kungebaki doa bila chokaa. Chupa safi, sakafu haina doa. Iliwekwa baada ya chokaa kukauka. Na kamanda ametuambia mwenyewe aliyeingia na kutoka nayo ni nani."

"Afande, unanisingizia..."

"Nyoosha mkono wa kulia, kamanda. Wewe ndiye uliyetaka tunyooshe mikono."

Boaz hakunyoosha. Mmoja wa vijana waliokuwa wakimlinda Philomena ndiye aliyeushika mkono wa mkubwa wake na kuugeuza, kisha akauachia haraka kana kwamba umemchoma. Ukucha wa dole gumba ulikuwa na rangi nyekundu mpaka kwenye mzizi.

"Kifuniko cha chupa kina rangi hiyohiyo," alisema Justa. "Na vigingi ishirini na viwili kwenye mwamba wa Mama Philomena. Vilipigwa wakati yuko Ngokolo. Barabara haipandi mwamba ikaishia juu. Duara, shimo la kuchimbia dhahabu, ndilo linaloishia hapo, na anayelitaka anahitaji mwenye shamba aondoke. Tutaongea zaidi kituoni, na nitahitaji kuliona debe lako la rangi."

Fimbo za mstari zilishuka moja baada ya nyingine. Hakuna aliyetoa amri.

*

Kabla ya kuondoka, Justa alimsindikiza Philomena mpaka kwake. Vijana wa ulinzi hawakuwepo tena. Kutoka kwa Baba William ilisikika sauti ya Gregory akieleza kwamba kila ng'ombe atakuwa na kitambaa chake, na Mayu atakamwa wa mwisho mpaka atakapopatikana mnunuzi wa nyama. Kisha ikasikika sauti ya Mama William, chini sana, ikiuliza kama kumwamkia wa kwanza, bila kumgusa, kunaruhusiwa.

Philomena alisimama mbele ya kigingi cha kwanza. Aliinama, akakishika kwa mikono miwili.

"Mama, usiking'oe," alisema Justa. "Vyote ni vielelezo. Lazima nivipige picha vikiwa ardhini."

"Vyote?"

"Vyote."

"Viko vingapi?"

"Ishirini na viwili."

Mama yule hakuiondoa mikono kwenye kigingi. "Hata kimoja tu, mwanangu? Hiki cha mlangoni?"

Justa alikipiga picha, kwa futi na bila futi. Kisha akageuza mgongo, akafungua daftari, na kwenye mstari wa vigingi akaandika: ishirini na kimoja. Nyuma yake udongo ulitoa sauti ndogo, kama kitu kinachoachia.